Kiti Kilichotoka Entebbe

Huku kwetu mpakani mtu hapandii basi linapoanzia. Mabasi makubwa ya Nairobi huondoka Kampala, na sisi wa Tororo na Busia hulipia kiti kwa wakala, tunakaa kwenye benchi lake na kikombe cha chai, na basi likifika tunaingia na kukuta kiti kimekuja kitupu kutoka mbali, kama kitanda kilichotandikwa na mtu anayekujua. Hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi tangu Kampala. Umelipia, kiti ni chako, kimekungoja. Nimekua nikiamini kwamba viti ndivyo vilivyo: vinawangoja watu.

Ninatanguliza hili kwa sababu marafiki zangu wa mjini, wale tunaosomeana maandishi Jumamosi, hucheka kila nikiwasimulia safari ya mama. Mtu mwenye kompyuta na akili zake anawezaje kuamini jambo kama lile? Siwalaumu. Hawajawahi kungoja basi mpakani.

Mama yangu anauza pilipili. Ni zile ndogo, nyekundu, ambazo zikikauka hujikunja kama kucha za ndege, na ukifungua gunia moja mtaa mzima unapiga chafya. Anazinunua kwa wanawake wa Iyolwa na Nabuyoga wanaozilima kando ya mihogo yao. Kwa miaka mingi alizipeleka Busia kwa wachuuzi waliotia mkono ndani ya gunia, wakakunja uso kana kwamba wameshika uchafu, wakataja bei na kugeuka. Mama hakuwahi kujua zilikokwenda. Alisema ni kama kumwoza binti kwa watu wasiokwambia kwao ni wapi.

Kisha mtu mmoja wa Dubai anayesaga viungo na kuviuza kwenye chupa aliona picha za pilipili zetu nilizokuwa nimeziweka mtandaoni, akaandika. Wakaandikiana kwa miezi, mama akinisemesha na mimi nikichapa. Mwishowe yule bwana akataja siku. Jumanne, saa nne asubuhi, ofisini kwake. Angekutana na wauzaji wanne kutoka nchi nne, kila mmoja na sampuli yake na cheti cha maabara kinachoonyesha kwamba pilipili hazina sumu ya ukungu. Angeziona, angezionja, na angechagua mmoja wa kumletea msimu mzima. Asiyekuwapo hatafikiriwa.

Mama aliisoma barua ile mara mbili, kisha akaenda jikoni na kukaa huko peke yake kwa muda. Alikuwa hajawahi kupanda ndege.

Kazi ya kupanga safari ikaniangukia mimi. Kwa wiki mbili nilikaa barazani na simu mkononi, mama akichambua pilipili kwenye ungo mbele yangu, wote wawili tukitokwa machozi. Nilijifunza mambo ambayo sikuwahi kudhani yana watu wanaoyajua. Nilijifunza kwamba tiketi ya bei ya chini kabisa hupenda kukubadilishia ndege ndani ya dakika hamsini katika uwanja usioujua, na mwanamke anayesafiri mara ya kwanza atazimaliza dakika hizo akitafuta mlango. Nilijifunza kwamba kuna tiketi isiyobadilishwa siku wala kurudishwa, na kwamba begi nalo huwa na tiketi yake iliyojificha ndani ya bei, au isiyokuwamo kabisa. Bei ile ile niliyoiona asubuhi ilikuwa imeniaga ifikapo mchana. Zaidi ya yote nilishikilia jambo moja, nalo naona hata leo lilikuwa sahihi: mtu anayekwenda kufanya biashara asifike siku ya biashara. Mama angeruka Jumapili, Jumatatu alale, aoge, ajue barabara, Jumanne aamke mtu kamili.

"Siku nzima ya kukaa bure," mama alisema.

"Siku ya bima, mama."

"Haya, mwalimu."

Kulikuwa na jambo jingine. Cheti kilikuwa kinatoka kwenye maabara moja ya Nairobi, na walitaka mwenyewe aje akichukue Ijumaa kwa mkono wake, atie sahihi. Kwa hiyo mama angekuwa Nairobi tayari. Nikatafuta ndege ya kutoka Nairobi kwenda Dubai, moja kwa moja, na begi moja kubwa. Nilipoipata, bei yake ilikuwa juu kidogo, lakini tuliimudu. Kidole changu kilikuwa kimeshafika juu ya kitufe cha kulipia. Ndipo mama akasema, "Muulize kwanza ndugu yako. Ni kazi yake. Atasikia vibaya tukimruka."

Ndugu yangu ni mtoto wa dada ya mama, aliyeolewa ng'ambo, Busia ya Kenya. Wengine wangemwita binamu. Likizo zote za shule alizimalizia kwetu Tororo, tukilala chumba kimoja na kugombania taa moja. Tulikuwa na kitabu kimoja cha hadithi kilichokatika katikati ya uti wa mgongo. Yeye alichukua nusu ya mbele, mimi ya nyuma, kisha tukabadilishana. Mpaka leo kuna hadithi ambayo mimi nilijua mwisho wake kabla ya mwanzo, na yeye kinyume chake. Nilipoandika riwaya yangu, yeye ndiye mtu wa kwanza kuisoma. Aliniambia ukweli kuhusu sura ya tatu, na ukweli ule uliniuma, na nilimpenda kwa sababu yake.

Sasa ana ofisi ya tiketi, mlango mmoja nyuma ya duka la kubadilishia fedha, upande wa Kenya. Nilipanda gari hadi Busia na kuvuka mpaka kwa miguu asubuhi hiyo hiyo.

"Dada! Mwandishi! Leo umekumbuka maskini," alisema, akinisogezea kiti. "Mama mdogo anaenda Dubai kweli? Mimi nauza tiketi miaka sita, Dubai naiona kwa kalenda tu."

Nilimwonyesha ndege niliyoipata. Aliiangalia bila kuketi vizuri, kisha akaanza kuchapa. Aliponigeuzia kompyuta, bei iliyokuwa pale ilikuwa chini ya yangu kwa kiasi ambacho kingemlipia mama chumba cha kulala kule.

"Hii inaanzia Entebbe," nilisema.

"Inaanzia Entebbe, inapita Nairobi, inaenda Dubai. Kutoka Nairobi ni ndege ile ile uliyoiona wewe, saa ile ile. Wakianzisha safari Uganda wanashusha bei, wanawinda abiria wa huko."

"Lakini mama atakuwa Nairobi."

"Si ndiyo sawa? Apandie hapo." Aliona uso wangu, akacheka. "Dada, wewe umezaliwa mpakani ama umezaliwa London? Basi la Kampala unapandia wapi?"

"Busia."

"Na kiti kinatoka wapi?"

"Kampala."

"Haya. Ndege ni basi lenye mabawa. Hicho kipande cha Entebbe utakuwa umekilipia, hujamwibia mtu."

"Hawatasema kitu?"

"Waseme nini na umelipa?"

Kisha akaongeza, akiwa ameinamia mashine ya kuchapia, kwamba nisihangaike kumthibitishia mama safari kwenye simu siku moja kabla, kama nilivyokuwa nimesoma watu wanafanya. Afike tu kwenye kaunta, atahudumiwa pale pale. Ni rahisi zaidi kwa mtu mzima, alisema. Nikaona ni huruma. Nililipa. Alinisindikiza mpaka karibu na geti la mpaka, akanibebea mfuko, akaniuliza kama nimeirekebisha sura ya tatu.

Ijumaa tukasafiri, mama na mimi. Alikuwa amevaa koti alilolinunulia safari hiyo, na sampuli za pilipili zilikuwa kwenye mifuko midogo ya plastiki kumi na minane, kila mmoja umeandikwa jina la mwanamke aliyezilima. Mnunuzi hakuwa ameomba majina. Mama ndiye aliyetaka yule bwana ajue ni pilipili ya nani anayoitia mdomoni. Maabara walitupa cheti bila shida. Mama alikikunja, akakikunjua, akaomba bahasha. Tulilala kwa jamaa, na Jumamosi yote alikuwa akiniuliza maswali ya ndege: kama dirisha hufunguliwa, kama akisikia haja amwambie nani, kama mtu wa jirani hukasirika ukimsalimia.

Jumapili tulifika uwanjani saa saba mchana, muda wa saa tatu na nusu kabla ya ndege. Wasiosafiri hawaruhusiwi kuingia, kwa hiyo tuliagana mlangoni. Alikuwa amenyooka sana, kama anayepigwa picha. Nilimwona akiweka begi lake kwenye mkanda, akiinua mikono akaguliwe, na akigeuka kunitafuta kwa macho. Alinipungia bahasha ya cheti.

Nilikuwa bado nimesimama pale pale simu ilipoita.

"Wanasema mimi sipo," mama alisema.

"Hupo wapi?"

"Kwa kompyuta. Wanasema sipo. Ongea na huyu."

Sauti ya msichana wa kaunta ilikuwa ya upole, na upole ule ndio ulioniogopesha. "Dada, abiria alikuwa aanze Entebbe leo saa sita. Hakutokea. Asipotokea safari ya kwanza, zile zinazofuata zinajifuta. Ya Dubai imefutika, na ya kurudi pia."

"Lakini yuko hapo mbele yako."

"Ninamwona."

"Na ndege haijaondoka."

"Haijaondoka."

"Na kiti amelipia."

"Dada, kwetu tiketi ni moja. Lazima itumike kuanzia mwanzo, kwa mpangilio wake. Hata watoto wa shule wanajua—" alijikatiza. "Samahani. Wakala wako hakukwambia? Mawakala wote wanajua hii."

Nimeandika kurasa nyingi maishani mwangu kuhusu watu wanaogundua kwamba wametendwa, na zote nilizikosea. Niliandika ngurumo. Kumbe ni kimya kidogo, kama cha mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Mpaka leo ninaifikiria tiketi ya ndege kama shanga kwenye uzi: ukiiachia ncha ya kwanza, zote zinamwagika. Jambo hilo linaelezeka kwa sekunde kumi. Mtu yeyote angeweza kunieleza kwa sekunde kumi.

Nilimpigia ndugu yangu. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ukaja ujumbe: "Niko kikao kidogo dada, nitakucall." Jumapili, saa nane mchana. Nikapiga mara ya tatu na simu ilikuwa imezimwa.

Tiketi mpya ilikuwapo. Msichana wa kaunta mwenyewe aliitafuta, akamwonyesha mama. Bei yake, ya mtu anayenunua saa mbili kabla ya kuruka, ilizidi ile ya tiketi nzima ya kwanza, ya kwenda na kurudi. Mama alikuwa na pesa hizo, kwenye mfuko wa kitambaa aliojifunga tumboni, lakini zilikuwa za wanawake wa Iyolwa, walizomchangia awanunulie maturubai ya kuanikia. Nilimsihi kwenye simu. Nilimwambia watamwelewa, nilimwambia akichaguliwa atawanunulia maturubai ya nchi nzima.

"Na asiponichagua?" aliuliza.

Nilirudia kumsihi.

"Basi mimi natoka," mama alisema. "Sema kwa huyo askari wa mlango anifungulie."

Alitoka kwa mlango ule ule wa kuingilia, jambo ambalo nadhani wengi hawalifanyi, akisukuma begi lake kinyume cha watu. Koti alikuwa amelivua na kulikunja mkononi. Tulikaa kwenye ukingo wa saruji nje, na akampigia mnunuzi. Mama huongea Kiingereza kama anavyoongea Kiswahili cha sokoni, maneno machache yaliyonyooka. Alisema ndege imemwacha. Akauliza kama Alhamisi inawezekana, kama angeweza kutuma sampuli kwa posta ya haraka. Niliisikia sauti ya yule bwana, ya heshima na ya mbali, ikisema kwamba wengine watatu wamekwisha kufika, kwamba Jumanne ni Jumanne, na kwamba anamtakia mama safari njema ya nyumbani.

Katika basi la kurudi mama alipakata begi la sampuli mapajani. Mfuko mmoja ulikuwa umepasuka wakati wa ukaguzi, na kabla ya kupita Nakuru basi zima lilikuwa linakohoa.

"Nani ana pilipili humu?" utingo alipaza sauti. "Mwenye pilipili ajitangaze, tumpeleke kituoni!"

"Ni mimi," mama alisema. "Ilikuwa inakwenda Dubai. Imekataa."

Watu walicheka. Mama naye alicheka, kisha akageukia dirisha, na mabega yake yakaendelea kutikisika kwa muda mrefu baada ya kicheko kwisha.

Jumanne, saa nne asubuhi, nilikuwa Busia. Niliichagua saa ile kwa makusudi. Mlango wa ofisi ya ndugu yangu ulikuwa umerudishwa nusu, na ndani alikuwa na mteja, mzee mmoja mfanyabiashara wa Malaba anayeleta vipuri vya pikipiki. Nilimsikia ndugu yangu akisema, kwa sauti ya daktari, "Lakini lazima uanzie Entebbe, mzee. Usije ukapandia Nairobi, watakufutia yote."

"Wewe kijana," mzee alijibu, "hiyo hotuba ulinipa tangu safari ya kwanza. Mwaka juzi! Si niliamka na kuku kwenda Entebbe, ndege ikanirudisha juu ya nyumba yangu, nikaona bati langu kutoka angani? Mke wangu mpaka leo ananicheka. Kata tiketi."

Nilisukuma mlango. Ndugu yangu aliniona, na uso wake haukushtuka. Ulichoka tu. Alimwomba mzee atupishe dakika tano. Mzee alitutazama mmoja baada ya mwingine, akachukua kofia yake na kutoka akisema atakuwa kwenye chai.

"Mwaka juzi," nilisema.

"Dada, keti."

"Ulijua."

"Wakati mwingine wanapita. Kuna watu wamepita."

"Nani? Nitajie mmoja."

Alisogeza kalamu kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. Nje watu wa baiskeli walikuwa wakigombana kwa Kisamia kuhusu zamu ya abiria.

"Nilikuwa nimebakisha tiketi moja," alisema hatimaye. "Wiki ile. Wale jamaa wanaonipa mfumo wa kuuzia, usipofikisha idadi ya mwezi wanakufungia. Moja tu. Ukaja wewe na simu yako, umeshapata ndege, umeshapata bei, umekuja kuniaga tu."

"Nilikuja kukuuliza."

"Ulikuja kwa sababu mama mdogo alikutuma. Usinidanganye, nakujua." Sauti yake ilipanda kidogo. "Ya kutoka Nairobi mimi kwangu ilikuwa juu kuliko yako. Nilikuwa na hiyo ya Entebbe peke yake. Ningekuambia ukweli, ungeshukuru, ungenipigia makofi, halafu ungenunua kwenye simu yako."

"Ndiyo. Ningenunua kwenye simu yangu. Na leo saa hii mama angekuwa amekaa mbele ya yule mtu."

Aliirudisha kalamu ilikotoka.

"Ulivyoniambia nisithibitishe kwenye simu," niliendelea, na sauti yangu ilikuwa ngeni kwangu, "ni kwa sababu ningeona kwamba lazima aanzie Entebbe."

"Nilikuwa nikiomba," alisema. "Jumapili nzima nilikuwa nikiomba wasione. Kanisani, dada. Mungu ni shahidi."

Ni jibu hilo ambalo sijaweza kulisamehe. Kama angekuwa hajali, ningemweka mahali fulani na kumsahau. Lakini alijali. Alikuwa amepiga magoti mahali, simu mfukoni, akijua hasa saa ngapi mama atafika kaunta, na nilipompigia aliitazama simu ikiita.

Mama hakutaka kusikia habari hizo. Nilimweleza mara moja na akainua kiganja. Alichotaka ni kwamba ndugu yangu aende naye Iyolwa Jumamosi, asimame mbele ya wale wanawake aseme kwa mdomo wake kilichotokea. "Si kwa kumwaibisha," alisema. "Wao walitoa pilipili. Wanafaa kusikia kwa mtu mwenyewe." Nilimpigia. Alisema atakuja. Aliapa.

Jumamosi tulikaa kwenye ua wa mwenyekiti wa kikundi chao, wanawake kumi na wanane, mama na mimi, na kiti kimoja cha plastiki kitupu. Waliongea Kidhopadhola, wakacheka, wakatoa mihogo ya kuchemsha, wakasubiri. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa ua kwenda mwingine. Ilipokuwa wazi kwamba haji, mama alisimama.

"Nilikosea njia," alisema. "Ndege ilikuwa inaanzia Entebbe, mimi nikaenda Nairobi. Ni kosa langu."

Nilifungua mdomo. Hakunitazama, lakini alijua, na mkono wake ulishuka ukanishika begani kwa nguvu.

"Sasa mbona kwenda Nairobi na ndege iko Entebbe?" aliuliza mwanamke mmoja mkubwa, kwa mshangao wa kweli. "Hata mimi ambaye sijafika Kampala ningeenda Entebbe."

Wote wakacheka, na mama akakubali kuchekwa. Msimu ule pilipili zikarudi Busia, kwa wale wa kutia mkono kwenye gunia.

Ningependa kusema kwamba kisa kiliishia hapo, kwa maana hapo nilikuwa upande wa haki na mama alikuwa pamoja nami, hata kama kimya. Lakini mwaka huu yule bwana wa Dubai aliandika tena. Aliyemchagua alikuwa amemletea mzigo wenye ukungu. Akataja siku nyingine, safari hii mama na mwingine mmoja tu. Nilifungua simu jioni hiyo hiyo nikaanza kutafuta. Nilitafuta siku tatu. Siku ya nne, nikiwa nimepata ndege nzuri, nikaenda kumwonyesha mama alipokuwa akichambua, naye akafuta mikono kwenye kanga na kutoa karatasi kutoka kwenye Biblia yake.

"Iko tayari," alisema. "Ndugu yako alileta jana."

Nilisimama na simu yangu mkononi.

"Jana nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kwa wenzako wa kusoma. Alikula hapa. Alikuja na mama yake." Aliendelea kuchambua. "Inaanzia Entebbe. Cheti kimekwisha kuja, sina kazi Nairobi. Atanipeleka yeye mwenyewe mpaka mlango wa uwanja. Amesema atalala hapo hapo chini mpaka aone ndege imeruka."

"Na wewe umekubali."

"Mtoto wa dada yangu, nimtupe wapi?"

"Hukuniuliza, mama. Mimi ndiye niliyesimama nje ya mlango ule. Mimi ndiye niliyepiga simu."

"Najua."

"Basi ungeniuliza."

Mama aliweka ungo chini. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini kwenye kazi ile hutoka kila siku, na sikuweza kujua.

"Ningekuuliza, ungekataa," alisema. "Nakuuliza sasa. Wewe ndiye unayejua kusoma hizi karatasi. Soma."

Nilikaa barazani nikasoma. Nilisoma jina lake na namba ya pasipoti, herufi kwa herufi. Nilisoma saa za kuondoka na za kufika, nikahesabu muda wa kubadilisha ndege Nairobi, ukatosha na kubaki. Nilisoma uzito wa begi. Nilipiga simu ya shirika la ndege lenyewe na kuwasomea namba ya tiketi, wakaniambia imelipwa na imethibitishwa, kwenda na kurudi, na kwamba abiria amewekewa msaada wa mtu wa kumwongoza kwenye milango kwa kuwa anasafiri mara ya kwanza. Mtu fulani alikuwa ameliomba hilo. Anafika Jumapili, siku yake ni Jumanne. Nikarudia kusoma tangu juu, polepole zaidi, kama ninavyosoma maandishi ya mtu ninayetaka kumshinda. Nilikuwa nikitafuta kosa. Dogo tu lingetosha, saa moja iliyokosewa, nimpelekee mama na kumwambia, unaona?

Mama alikuwa akinitazama kutoka kwenye ungo.

"Kuna shida?" aliuliza.

"Hakuna," nilisema. "Iko sawa."

Nikamrudishia karatasi, akairudisha kwenye Biblia, na ndege niliyoipata mimi nikaifuta kwenye simu.